Kalemie: Matuta ya juu yarudisha mboga ndani ya lupango

Katika nyumba nyingi za Kalemie, unga wa bukari ukishapatikana, swali linalobaki ni la mboga. Lengalenga, matembele na sombe ndizo zinazosindikiza bukari karibu kila siku, na kwa miaka mingi familia za mabondeni na za kando ya ziwa zilizichuma karibu na nyumba. Leo sehemu kubwa ya bustani hizo haipo tena. Nyingine zilifunikwa na maji ya Ziwa Tanganyika, nyingine zilichukuliwa na mto Lukuga, na nyingine zimejengwa nyumba za watu waliohamia mjini kwa sababu ya vita.

Njia moja ya kurudisha mboga nyumbani ni ya zamani na haihitaji mashine: kuinua udongo. Ni kutengeneza tuta lenye kuta za mawe, matofali, mbao au mianzi, kulijaza udongo mzuri na samadi, kisha kupanda juu yake. Mahali ambapo hakuna nafasi hata ya tuta, gunia tupu la unga linafanya kazi hiyohiyo. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza, lakini inaharibika haraka kama mtu hajui maji ya mji huu yanatoka wapi, udongo wake ukoje, na lupango anamolima ni la nani.

Maji ya aina mbili

Mkaaji wa Kalemie anayetaka kulima nyumbani anapambana na maji ya aina mbili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni maji ya mvua. Mvua inaanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Katika miezi hiyo, malupango yaliyo chini ya vilima hupokea maji yote yanayoteremka kutoka juu. Udongo unalowa kwa siku kadhaa, mizizi inakosa hewa, majani yanageuka manjano na mmea unaoza kuanzia shina. Hapo ndipo tuta la juu linafanya kazi yake. Likiinuliwa sentimita 30 tu, mizizi inabaki juu ya tope hata kama njia ya kupita kati ya matuta imejaa maji.

La pili ni maji ya ziwa, na haya ni jambo jingine kabisa. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga, unaopita Kalemie na kwenda kuungana na mto Lualaba. Mlango huo ukiwa mwembamba, au umezibwa na mchanga na majani, na mvua zikiwa nyingi katika nchi zinazozunguka ziwa, maji hayana pa kwenda. Yanapanda polepole, mwezi baada ya mwezi, na yanakaa.

Historia inaonyesha kwamba si mara ya kwanza. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye Lukuga na kusema kwamba ndiyo njia ya maji ya ziwa. Miaka 2 baadaye Stanley alipita hapo akakuta mlango umezibwa kwa matope na majani, maji hayaendi kama mto. Kisha Joseph Thomson alipofika mwaka 1879 alikuta Lukuga ni mto wenye nguvu: kizibo kilikuwa kimevunjika, na ziwa lilianza kushuka. Katika karne ya 20 maji yalipanda tena sana mwaka 1964. Wazee wa mji, waliokuwa bado wanauita Albertville wakati huo, wanaukumbuka mwaka huo. Jina la Kalemie lilikuja mwaka 1966.

Miaka ya karibuni ziwa limefanya hivyo tena. Mwaka 2021 maji yaliingia katika nyumba na barabara za kando ya ziwa, kutoka Kalemie hadi Uvira na Bujumbura. Mwaka 2024 yalipanda zaidi, hadi kufikia takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kile kiwango cha 1964.

Kwa maji ya namna hiyo, tuta la sentimita 30 halisaidii kitu. Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kutafuta jembe wala mawe, ni kuangalia alama iliyoachwa na maji ukutani. Kama mwaka 2024 ziwa lilifika pale mtu anapotaka kujenga tuta, afadhali asitumie nguvu zake na pesa zake kujenga kuta za kudumu hapo. Apande katika magunia na ndoo zilizotoboka, vitu vinavyoweza kubebwa na kupandishwa juu siku maji yanaporudi. Kama maji yalikuwa ya mvua tu, tuta linafaa.

Kwa nini mboga ya nyumbani ina uzito

Jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, na halijapata utulivu mrefu tangu hapo. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwatoa mamia ya maelfu ya watu katika vijiji vya Nyunzu, Manono na Kalemie yenyewe, na wengi walikuja kujenga vibanda kuzunguka mji. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, watu wengine walikimbia kutoka Kivu Kusini, wengine kwa mashua, na kushuka katika bandari za ziwa hilohilo. Kila familia inayofika inahitaji mahali pa kulala, na mahali hapo mara nyingi palikuwa shamba la mtu au bustani.

Chakula cha mji kinatoka mbali. Mahindi na muhogo vinakuja kutoka upande wa Nyunzu na Kabalo, kwa reli iliyofika ziwani mwaka 1915 au kwa barabara ambayo mvua inaikata. Maharage yanashuka kutoka nyanda za juu za Marungu, upande wa Moba. Bidhaa nyingi nyingine zinavuka ziwa kutoka Kigoma. Vitu hivyo vikavu vinavumilia safari. Majani mabichi hayavumilii: yakilala njiani siku mbili, yamenyauka. Kwa hiyo mboga ya majani hulimwa karibu na mlaji, au mlaji anailipa kwa bei ya yule aliyeibeba.

Samaki nao wana kalenda yao mpya. Mwaka 2024 nchi zinazopakana na ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilianza kutekeleza makubaliano ya kusimamisha uvuvi kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Ni hatua yenye maana kwa ziwa ambalo ndagala wake wamepungua. Lakini kwa nyumba inayoishi kwa wavu, miezi hiyo ni migumu: pesa haziingii, na ndagala anayepatikana ni ghali. Bahati nzuri ni kwamba Mei hadi Agosti ni kiangazi, na kiangazi ndicho msimu mzuri zaidi wa bustani, mradi maji ya kumwagilia yapo. Familia iliyoandaa matuta mwezi wa Aprili inaingia katika miezi ya kufungwa kwa uvuvi ikiwa na kitu cha kuchuma.

Hali ya nchi nzima inazidisha uzito huo. Tathmini ya IPC iliyotolewa mwezi wa Machi 2025 ilihesabu karibu Wakongo milioni 28 wenye shida kubwa ya chakula. Hakuna tuta la mboga linaloweza kujibu hesabu ya namna hiyo. Hata hivyo, tuta linaweza kubadilisha kinachowekwa kwenye sahani ya mtoto mara mbili kwa wiki.

Jinsi ya kujenga tuta

Mahali pa tuta pachaguliwe kwa jua. Mboga inahitaji jua la saa 6 kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe mkubwa hakuna kitakachoota vizuri, maana kivuli kinazuia jua na mizizi ya mti inanyonya chakula chote. Pia tuta liwe mbali na choo, na liwe upande wa juu wa mteremko, ili maji machafu yasipite ndani yake wakati wa mvua.

Upana wa tuta usizidi mita 1 na sentimita 20. Kipimo hiki kina sababu: mtu akichuchumaa upande mmoja, mkono wake unafika katikati bila kukanyaga udongo. Udongo wa tuta haukanyagwi kamwe, kwa kuwa ukikanyagwa unashikana na kuwa mgumu kama sakafu. Kama tuta linaegemea ukuta na linafikiwa upande mmoja tu, upana uwe sentimita 60. Urefu unategemea nafasi. Kati ya tuta na tuta iachwe njia ya sentimita 40 au 50, na njia hiyo ichimbwe kidogo iwe mfereji wa kuondoa maji.

Kimo kiwe sentimita 30 mahali pa kawaida, na 40 hadi 50 pale ambapo maji ya mvua hukaa. Lakini kila sentimita inayoongezwa ina gharama yake ya jasho. Tuta la mita 3 kwa mita 1.2, lenye kimo cha sentimita 30, linataka udongo unaozidi kidogo mita 1 ya ujazo, yaani karibu ndoo 54 za lita 20. Likiinuliwa hadi sentimita 45, ndoo zinafika 81. Ni afadhali familia ianze na tuta moja linalomalizika kuliko kuchora matatu na kuyaacha nusu.

Kuta zinajengwa kwa kile kilichopo. Kalemie ina vilima, na mawe hayakosekani. Yakipangwa vizuri bila simenti, yanakaa miaka mingi. Matofali ya kuchoma yanafaa, hata yale yaliyovunjika kutoka nyumba zilizobomolewa na maji. Matofali mabichi yatayeyuka kwenye mvua ya kwanza. Mianzi na miti ya mikaratusi inafaa pia, ila itaoza na kubadilishwa baada ya miaka michache. Kuhusu mbao za mitumbwi ya zamani, ni lazima kuangalia: kama zimepakwa lami au rangi, zisitumike. Vivyo hivyo mapipa yaliyobeba mafuta ya magari au dawa, na mahali palipotupwa betri za zamani. Sumu ya vitu hivyo inaingia katika udongo, kisha katika majani, na haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Kujaza tuta kunaanzia chini. Udongo wa asili ulimwe kwanza kidogo ili maji yapate njia. Juu yake liwekwe tabaka la vitu vikavu: mabua ya mahindi, vipande vya migomba, majani. Hilo linapunguza ndoo za udongo na linaoza polepole na kuwa chakula cha mimea. Kisha udongo mzuri wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, kadiri ya sehemu 2 za udongo kwa sehemu 1 ya samadi au mboji.

Udongo wa Kalemie si mmoja. Karibu na ufuko ni mchanga, maji yanapita ndani yake kama kwenye kichujio. Huo unahitaji mboji nyingi zaidi. Katika bonde la Lukuga ni mfinyanzi unaoshika maji. Huo unahitaji mchanga na mabua ili upumue. Kipimo rahisi ni kushika udongo wenye unyevu na kuufinya mkononi. Usiposhikana kabisa, ni mchanga mtupu. Ukifanya donge linalong'aa lisilovunjika, ni mfinyanzi mwingi. Ukishikana, kisha ukavunjika unapoguswa kwa kidole, unafaa.

Samadi ya mbuzi na ya kuku isiwekwe ikiwa mbichi. Inaunguza mizizi na inaleta funza. Irundikwe, ifunikwe, igeuzwe, na iachwe miezi 2 au 3 hadi ipoteze harufu na joto. Maganda ya muhogo na ndizi, majani na mabaki ya mboga yanaingia katika rundo hilohilo. Matumbo ya samaki ni mbolea nzuri, lakini yazikwe katikati ya rundo, la sivyo mbwa watalifukua usiku uleule. Majivu ya jikoni yanasaidia kwa kiasi: makonzi machache kwa tuta yanatosha. Kinyesi cha watu kisitumike.

Tuta jipya linashuka. Baada ya kulijaza, limwagiliwe na kuachwa wiki 2, kisha liongezwe udongo pale lilipozama. Anayepanda siku ileile huona miche yake imeinama baada ya mvua mbili.

Gunia kwa asiye na nafasi

Bustani ya gunia ilijulikana sana Afrika Mashariki mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya. Bei za chakula zilipopanda katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, shirika la Solidarités lilisaidia familia za Kibera na Mathare kulima mboga katika magunia. Huko Rwanda, bustani za jikoni za mviringo, zilizoinuliwa kwa mawe kama ngazi, zilienezwa na serikali ili kupambana na utapiamlo wa watoto. Hapa Kongo, mradi wa FAO na serikali ulioanza mwaka 2000 kwa pesa za Ubelgiji ulisaidia wakulima wa mboga wa Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Kalemie haikuwa katika orodha hiyo ya miji mitano.

Kwa gunia la kilo 50 au 100, kazi ni hii. Kopo kubwa lisilo na kitako linasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo. Udongo uliochanganywa na samadi unajazwa pembeni. Kisha kopo linavutwa juu, mawe yanabaki, linajazwa tena, na hivyo hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo itakayopeleka maji mpaka chini. Bila nguzo, mimea ya juu inakunywa na ya chini inakufa. Baadaye ubavu wa gunia unatobolewa kwa kisu, tundu kila baada ya sentimita 20, bila kuyapanga katika mstari mmoja ili gunia lisipasuke. Kila tundu linapokea mche mmoja.

Gunia lililojaa ni zito, halibebwi na mtu mmoja. Anayeishi mahali panapofikiwa na ziwa atumie magunia madogo, au ayajaze nusu. Tena plastiki ya gunia inachomwa na jua: baada ya msimu mmoja au miwili inakatika, na udongo wake unahamishiwa katika gunia jingine.

Cha kupanda, na lini

Lengalenga ndiyo mboga ya kuanzia. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisidondoke mahali pamoja. Wiki 3 au 4 baada ya kupandwa, inaanza kuchumwa. Anayekata kilele na kuacha shina atachuma tena mara kadhaa. Anayeng'oa atapanda upya. Mimea miwili au mitatu iachwe itoe maua, na mbegu za msimu ujao hazitanunuliwa.

Matembele hayahitaji hata mbegu. Kipande cha mti wake chenye urefu wa sentimita 30 kinalazwa na kufunikwa nusu, na baada ya wiki chache majani yapo. Yanavumilia mvua kuliko mboga nyingine nyingi. Bamia, biringanya na pilipili zinapenda joto la Kalemie, lakini mti wa biringanya unachukua nafasi kubwa. Mmoja au miwili kwa tuta inatosha. Kitunguu kinapandwa kwa umbali wa sentimita 10 na kinadai subira ya miezi kama 4.

Tomati ndiyo inayovunja mioyo. Ikipandwa katikati ya mvua, majani yake yanapata madoa meusi, yanakauka, na matunda yanaoza kabla ya kuiva. Afadhali mbegu zisiwe kitaluni kabla ya Aprili. Baada ya wiki 3 au 4 miche ihamishiwe tutani kwa umbali wa sentimita 50, ifungwe kwenye vijiti, na majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe. Maji yamwagwe chini ya shina, yasimwagwe juu ya majani. Na mahali palipokuwa na tomati, biringanya au pilipili pasirudiwe na ndugu hao msimu unaofuata; papandwe lengalenga au maharage.

Adui mkubwa wa bustani ya mjini ana miguu. Kuku, bata na mbuzi wanazunguka mitaani, na dakika 10 zinawatosha kumaliza kazi ya mwezi. Uzio wa mianzi, matete au vyandarua vilivyochakaa ujengwe kabla ya mbegu ya kwanza. Chandarua ambacho bado kinafaa kibaki kitandani, kwa sababu malaria haisubiri mboga.

Maji ya kumwagilia na kipindupindu

Tuta la juu lina udhaifu wake: linakauka haraka. Faida ya mwezi wa Februari inakuwa mzigo wa mwezi wa Julai. Katika kiangazi, mita 1 ya mraba inataka lita 4 hadi 6 kwa siku. Tuta la mita 3 kwa 1.2 linakunywa karibu bidoni moja ya lita 20 kila siku. Pale ambapo bomba la Regideso halifiki au halitoi, bidoni hiyo inabebwa kichwani, mara nyingi na mama au msichana. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuamua idadi ya matuta.

Kufunika udongo kwa nyasi kavu au maganda kunapunguza kiu ya tuta. Kumwagilia asubuhi na mapema, au jua likielekea kuzama, kunazuia maji kupotea hewani. Maji ya kusuuza vyombo na nguo yanaweza kutumika kama hayana sabuni nyingi wala klorini, nayo yamwagwe kwenye udongo wa mimea inayopikwa.

Jambo hili si dogo hapa. Kalemie ni mmoja wa miji ya mashariki ya Kongo ambamo kipindupindu kinarudi mwaka baada ya mwaka, na maji ya ziwa na ya mito ni sehemu ya njia yake. Majani yaliyomwagiliwa maji hayo na kuliwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa mezani. Lengalenga, matembele na sombe vina ulinzi wao: vinapikwa, na moto unaua vijidudu. Hatari iko kwenye tomati, kitunguu na kabichi za saladi. Hivyo vioshwe kwa maji safi yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa, na mikono ya aliyegusa samadi ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika sufuria.

Kama maji ya mafuriko yamepita juu ya tuta, majani yote yaliyoguswa yaondolewe, hata kama yanaonekana mazima. Maji hayo yamepita vyooni. Udongo uachwe ukauke juani kwa wiki kadhaa, uongezwe mboji, kisha upandwe mboga za kupika tu. Na mifereji kati ya matuta ifagiliwe, ili maji yasikae na kuwa kiota cha mbu.

Lupango ni la nani?

Swali hili linaweza kuua bustani kabla ya ukame. Familia nyingi zinazohitaji mboga ni wapangaji, au zimewekwa kwa muda kwenye kiwanja cha mtu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Dola, na wananchi wanapata haki ya kuutumia. Lakini katika maisha ya kila siku, anayeamua ni mwenye nyumba, mwenye shamba au chifu. Mpangaji aliyeleta ndoo 54 za udongo na kujenga kuta za mawe anaweza kuambiwa mwezi unaofuata kwamba kodi imepanda kwa kuwa lupango limependeza, au kwamba nafasi hiyo inatakiwa.

Kinga iliyopo ni mazungumzo ya mapema. Kabla ya kubeba jiwe la kwanza, mpangaji na mwenye lupango wapatane mbele ya kiongozi wa mtaa au jirani mzee: tuta litakaa wapi, kwa misimu mingapi, na mavuno kidogo yatakwenda kwa nani. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Sehemu nyingi, fungu la lengalenga kila wiki kwa mwenye nyumba limelinda tuta kuliko maneno mengi. Kwa wahami ambao hawajui watakaa hadi lini, kuta nyepesi za mianzi na magunia ni uamuzi wa busara: siku ya kurudi kijijini, mbegu zinafungwa kwenye kitambaa na kwenda nao.

Kinachobaki kwenye sufuria

Tuta moja la mita 3, likitunzwa vizuri, linaweza kutoa sufuria moja au mbili za mboga kwa wiki. Halichukui nafasi ya shamba la muhogo wala la ndagala. Mtoto aliyevimba miguu kwa kwashiorkor hatapona kwa majani peke yake. Anahitaji kituo cha afya, na baadaye samaki, maharage au karanga pamoja na majani hayo. Lakini majani ya kijani yana vitamini A na madini ya chuma ambavyo bukari haina, na pesa ambayo ingenunua mafungu ya mboga sokoni inaweza kununua ndagala.

Kwa anayetaka kuwa na mboga wakati uvuvi unapofungwa katikati ya Mei, kalenda ni fupi. Samadi irundikwe mwezi wa Januari. Alama ya maji ukutani iangaliwe mwezi wa Februari, wakati mvua inaonyesha wazi mahali inapokaa. Kuta zijengwe na tuta lijazwe mwezi wa Machi, liachwe lizame. Lengalenga ipandwe mwanzoni mwa Aprili. Kufikia wiki ya kwanza ya Mei, kabla mitumbwi haijavutwa ufukoni, majani ya kwanza yatakuwa tayari kukatwa.